Deikea ya buku mbili kwa siku, Charambe: mwanangu yuko pale mwaka na nusu sasa

Naandika hii kwa ajili ya kina mama wa Mbagala na Charambe hapa Dar ambao kila siku naona wanauliza "jamani nani anajua sehemu nzuri ya kuacha mtoto, isiwe ghali". Mi mwanangu nimempeleka pale akiwa na mwaka na mwezi mmoja, sasa hivi ana miaka miwili na miezi saba, kwahiyo nikisema napajua napajua kweli, sio nimepita mara moja nikapiga picha.

Jina sitaliweka maana mwenyewe bado anafuatilia usajili wake ustawi wa jamii na ameniomba nisilitaje mpaka karatasi ziwe mkononi. Ni nyumba ya kawaida ya mtaani, vyumba vitatu na ua, geti la bati la bluu. Mwenye kituo wote tunamwita Bibi, watoto na wazazi. Bei ni 2,000 kwa siku, humo ndani kuna uji asubuhi na chakula cha mchana, wewe unakuja na pampasi tatu, nguo mbili za kubadilisha na kikombe cha mtoto chenye alama yako. Anafungua saa kumi na moja na nusu alfajiri, anafunga saa kumi na mbili na nusu jioni, ukichelewa ni jero (500) kwa kila nusu saa na hakununii.

Huo muda wa kufungua ndio ulionileta. Nauza kwenye duka la vitenge Kariakoo, natakiwa niwe nimefungua saa mbili kamili, na ukitoka Charambe saa kumi na mbili unusu ushachelewa, foleni ya Kilwa Road mnaijua. Kabla ya hapo nilienda kituo kimoja kizuri sana, kina bembea na ukuta umechorwa wanyama, wakaniambia laki na nusu kwa mwezi, inalipwa yote mwanzoni, na mtoto achukuliwe saa kumi jioni. Saa kumi jioni mi bado nakunja vitambaa. Nilitoka pale nikajua hiyo sehemu imepangwa kwa mtu mwenye gari na bosi anayemruhusu aondoke, na walipwaji wa siku kwa siku hawakufikiriwa kabisa. Bibi unamlipa asubuhi ukimkabidhi mtoto, siku hujaenda kazini hulipi. Ukiwa muuza samaki au mama ntilie hiyo ni tofauti kubwa mno, hela ya mwezi mzima kwa mkupuo hujawahi kuishika.

Nirudi nyuma kidogo mjue nilifikaje hapo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kama ni mapacha, baba anapata siku 3. Inasema pia mama asirudi kazini kabla ya wiki sita mpaka daktari aridhie, na akirudi apewe mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Mi haya nimeyajua baadaye sana, niliposomewa na dada mmoja kwenye kikoba chetu. Wakati najifungua sikuwa na mkataba, nilikuwa na "njoo kesho". Nikaambiwa pumzika mwezi, bila malipo, ukichelewa naweka mtu. Nilirudi wiki ya tano, kitambaa kifuani ndani ya blauzi maana maziwa yalikuwa yanamwagika nikisikia mtoto wa mteja analia. Hata hayo masaa mawili ningepewa yangenisaidia nini, Kariakoo mpaka Charambe kwenda tu yameisha.

Mtoto nikamwacha kwa jirani, buku kwa siku. Alikuwa mtu mwema ila naye anakaanga mihogo, mtoto wangu kakaa miezi kando ya jiko la mkaa, kifua hakikumtoka. Akiwa na miezi nane nikampeleka Muheza kwa mama yangu. Najua wengi mmefanya hivyo na sitaki mtu ajisikie vibaya, bibi zetu ndio wametubebea mjini huu. Ila nilipoenda kumchukua baada ya miezi mitano aliniangalia akageuka akamkumbatia mama, akalia nilipomshika. Nilikaa nje ya nyumba mpaka giza. Pale pale nikasema huyu narudi naye, ntajua mbele ya safari.

Wengi mtasema weka dada wa kazi. Nilipiga hesabu. Tangazo la kima cha chini lililoanza Januari 2023 lilisema dada anayelala kwa mwajiri asilipwe chini ya elfu 60. Weka chakula chake, sabuni, pedi, nauli ya kumtoa kwao, na sisi tunakaa chumba na sebule, analala wapi? Ukimlipa chini ya hapo, na wapo wengi wanaolipa elfu 40, unamnyonya binti wa mwenzio ili mtoto wako alelewe. Sikuweza.

Sasa hesabu ya Bibi. Nalipwa laki mbili na ishirini kwa mwezi. Siku 26 mara 2,000 ni 52,000. Nauli 1,400 kwenda na kurudi, 36,400. Wali maharage mchana buku mbili, 52,000 nyingine. Pampasi tatu kwa siku za kununua mojamoja dukani kwa mia nne, 31,200. Inabaki 48,400. Mama mkwe alinikalisha chini akaniuliza kwa upole tu, mwanangu kwa elfu arobaini na nane si ukae na mtoto wako mwenyewe? Nikamwambia mama, nikikaa miaka miwili hiyo nafasi haipo tena, Kariakoo kuna wasichana hamsini wanaoisubiri, na mi pale najifunza kitenge kipi kinatoka, mzigo unaingiaje, wateja wa Songea na wa Lubumbashi nina namba zao. Na hiyo 48,400 ndiyo hisa yangu ya kikoba na ndiyo siku baba watoto hajapata kazi tunakula. Ye ni fundi rangi, siku hana kazi anakaa na mtoto vizuri tu, anamwogesha na kumpikia, lakini kazi yenyewe anapigiwa simu saa moja asubuhi. Huwezi kupanga malezi kwa simu ya saa moja asubuhi.

Kwa hiyo kituo chenyewe kikoje.

Usafi ni mzuri, sakafu inapigwa deki mara mbili, mikeka inaanikwa. Geti linafungwa kwa ndani muda wote na kuna daftari, mtu ambaye hajaandikwa mle hapewi mtoto, siku moja nilimtuma shemeji bila kupiga simu akakataliwa na akalalamika kweli, mi nilifurahi. Uji ni wa lishe wa kweli, una karanga, sio maji ya unga. Mchana ni wali au ugali na maharage, dagaa, mchicha, Ijumaa pilau bila nyama. Mwanangu alikuja pale haongei, kwa miezi mitatu akawa anaimba, anahesabu mpaka kumi, anajua kunawa mikono bila kuambiwa.

Mabaya yapo nayasema. Chumba cha kulala cha watoto ni cha bati bila dari, kuanzia Desemba mpaka Machi ni tanuri, feni ni moja. Mafua yakiingia yanapita kwa wote, na hakuna sehemu ya kumtenga mgonjwa. Mchana wakichoka wale dada wasaidizi wa Bibi wanawasha TV katuni mpaka jioni. Na mwaka jana nilimkuta mtoto na pampasi ya tangu asubuhi, mapaja yamebabuka. Nilikasirika, nikaongea kwa sauti mbele ya wazazi wengine. Bibi hakubishana. Kesho yake nikakuta karatasi ukutani, majina ya watoto na saa za kubadilisha, kila dada anaweka tiki. Mpaka leo ipo, na mi huiangalia kila jioni kabla ya kuondoka, na nyie mkienda iangalieni.

Ila kilichonifanya niandike kirefu hivi ni siku mvua imenifungia pale jioni, nikakaa na Bibi kwenye ngazi akanionyesha daftari lake la hela. Wameandikishwa 24, wanaokuja siku ya kawaida ni 18. Hiyo ni 36,000. Dada watatu kila mmoja 4,000, chakula na mkaa 12,000, pango la nyumba ukiligawa kwa siku kama 4,600, maji na luku 3,000. Inabaki 4,400. Yaani mwenye kituo anaondoka na mia nne zaidi ya wasaidizi wake, na hapo mtoto asiumwe, bomba lisikatike. Na mmoja wa wale dada, yule mwanangu anamwita anti na kumkimbilia kuliko wote, mtoto wake mwenyewe wa miaka miwili yuko Masasi kwa bibi yake. Hawezi kumleta kwa sababu 4,000 ya siku haimpi chumba. Anamlea wangu ili nikauze vitenge, wa kwake analelewa na kikongwe ili ye aje kumlea wangu. Nilishindwa kusema kitu.

Niliwaza Bibi apandishe iwe 3,000. Alafu nikamkumbuka mama wa pacha anayekaanga chapati pale Rangi Tatu. Ana mkopo wa kausha damu, marejesho ni ya kila siku auze asiuze, na siku biashara imelala anawaacha pacha nyumbani na dada yao wa miaka tisa ambaye siku hiyo haendi shule. Shule ya msingi ya serikali haina ada, mtoto yupo kwenye rejista, ila siku buku nne za deikea hazipo ye ndiye deikea. Bibi anamwandikia deni mpaka Jumamosi. Kwa 3,000 huyo mama hayupo kabisa, na binti yake darasa la nne hamalizi.

Kwahiyo kwa mama bei haiwezi kupanda na kwa dada haiwezi kubaki, na mi sioni inatokaje hapo bila mtu wa tatu kuweka hela. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kukopesha vikundi, nne ya wanawake, ilisimama 2023 ikarudi 2024, sisi wazazi sita tumeanza kuunda kikundi na Bibi tuone kama tunaweza kuomba kwa ajili ya dari, feni na choo cha watoto, maana vyoo na nafasi ndivyo anavyodaiwa kwenye usajili. Na serikali ilizindua programu yake ya malezi na makuzi ya watoto wadogo, PJT-MMMAM, Dodoma Desemba 2021, inaongelea kabisa vituo vya mtaani. Wenye maduka nao, hasa Kariakoo, wana kina mama mamia pale, chumba kimoja tu cha watoto kwenye jengo lenye ghorofa nane kinawashinda nini?

Hebu fikirini, sheria inanipa siku 84, darasa la awali la serikali linampokea mtoto akiwa na miaka 5. Katikati hapo ni miaka minne na miezi tisa. Na hilo darasa la awali lenyewe linatoka kabla ya saa sita mchana. Baba watoto anataka wa pili, na mi nataka, napenda watoto. Kijiti changu cha uzazi wa mpango cha miaka mitatu kinaisha mwaka huu, nilikiweka zahanati bure, na nimeshamwambia nakirudishia kingine. Wawili kwa Bibi ni 104,000 kwa mwezi, pampasi hujaweka. Mwanangu atapata mdogo wake akishaingia darasani, au nikishapata kifremu changu mwenyewe ambapo mtoto atalala chini ya meza ya vitenge. Watu wanasema wanawake wa siku hizi hawataki kuzaa. Mi nimesimamisha uzazi kwa kalkuleta ya simu, nikiwa nimekaa kitandani saa nne usiku, na nililia.

Nampa Bibi nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki ni ya joto na TV.

Ukienda, nenda siku ya kwanza saa nne asubuhi bila kutoa taarifa, ukae ua nusu saa uangalie wanavyolala na wanavyolishwa, Bibi hana shida na hilo. Beba kadi ya kliniki, anaikagua chanjo kabla ya kumpokea mtoto. Watoto wasiotembea anapokea sita tu kwa sababu anasema dada mmoja hawezi zaidi ya hapo. Jumapili hafungui, ambayo Desemba inatuumiza sisi wa Kariakoo, ila naye ana haki ya kupumzika. Anayetaka anitafute inbox ntamwelekeza kwa boda. Jana jioni nafasi zilikuwa mbili za wanaotembea, za wanaotambaa zimejaa mpaka mwezi ujao.