One Hour Photo: Robin Williams asiyechekesha

Ikiwa Robin Williams unamjua kwa Jumanji na Mrs. Doubtfire, onyo la kwanza ni kwamba humu hachekeshi. Nywele zimekatwa fupi na kufifishwa rangi, miwani iko usoni, sauti ni ya chini kama ya mtu aliyezoea kutoitikiwa. Niliikodi mtandaoni Ijumaa moja ya mvua hapa Zimmerman, Nairobi, nikitafuta kitu chepesi cha kumalizia wiki. Si chepesi.

Ni filamu ya 2002, dakika 96, imeandikwa na kuongozwa na Mark Romanek, aliyekwisha kujipatia jina kwa video za muziki. Williams ni Seymour Parrish, wateja humwita Sy, fundi wa kaunta ya kusafisha picha ndani ya supamaketi iitwayo SavMart. Hana mke wala mtoto, na hatumwoni akiwa na rafiki. Alichonacho ni kina Yorkin: Nina, mumewe Will, na mtoto wao Jake. Miaka nenda miaka rudi wamemletea mikanda yao, na kila anapowachapia picha hujichapia nakala yake pia. Halafu tunapelekwa kwake nyumbani na kuuona ukuta. Siuelezi zaidi, nilisimamisha filamu hapo kwanza nikaenda kuweka chai.

Wanaokumbuka maduka ya picha ya River Road, au wale wapiga picha wa Uhuru Park, watalielewa jambo hili upesi kuliko kizazi cha simu. Ulikuwa unamkabidhi mtu usiyemjua mkanda wenye harusi, matanga na mtoto anayeogeshwa kwenye karai, kisha unarudi kuchukua bahasha yako. Hukuuliza nani ameona nini huko nyuma ya pazia. Na nyumbani kwetu mgeni hupewa albamu kabla chai haijachemka. Usipompa, atadhani umemnunia. Kutazamwa picha zako ni sehemu ya ukarimu. Romanek amekichukua kitendo hichohicho na kukiondolea kitu kimoja tu: mwenyeji. Sy anaipekua albamu ya watu ambao hawajawahi kumwambia apite ndani, na hilo ndilo linalotisha, kuliko kisu kinachotokea baadaye.

Kilichonishika zaidi ni kwamba Sy anaipenda kazi yake kwelikweli. Kuna mahali anagombana na fundi wa mashine kwa sababu rangi ya samawati imezidi kidogo kwenye picha. Fundi anaona ni upuuzi, nani atatambua? Sy anatambua. Mimi ni mtu wa mkono wake hapo, kwa maana nimewahi kurudishiwa picha za pasipoti ambazo uso wangu ulikuwa na rangi ya anga. Kwa dakika chache unamheshimu mzee huyu, na heshima hiyo ndiyo inayokufanya ushindwe kumchukia mambo yanapoharibika.

Kisha kuna ile picha ya mwanamke wa zamani anayoinunua kwenye soko la vitu vikuukuu. Baadaye anamwonyesha Nina na kumwambia huyu ni mama yangu. Yaani amejinunulia mama wa mtumba. Tukio lenyewe ni fupi, hakuna muziki wa kutisha, na Nina anaitikia kwa adabu kama ambavyo yeyote kati yetu angeitikia kwenye foleni ya kulipia. Hapo Connie Nielsen, anayeigiza Nina, anafanya kazi nzuri isiyosifiwa: adabu yake ni ya kweli, lakini inaishia pale pale kaunta. Yeye anaisahau akifika kwenye gari. Sy anarudi nayo nyumbani na kuilia chakula cha jioni.

Jambo moja nilibishana nalo. Sy anatusimulia kwamba watu hupiga picha za furaha tu, na hakuna anayepiga kitu anachotaka kukisahau. Ni wazi hajafika matanga ya kwetu. Karibu kila albamu ninayoijua ina ukurasa wa jeneza, familia imelizunguka, shangazi mmoja ameshikwa mikono na wawili wenzake. Lakini labda ndiyo maana kauli yake inauma: kina Yorkin wamemwonyesha vicheko tu, naye akaviamini vyote. Siku anapokuta kwenye mkanda wa mtu mwingine ushahidi kwamba Will ana mwanamke wa pembeni, hakasiriki kama mtu baki. Anakasirika kama ndugu aliyeaibishwa.

Kwa hiyo iangalie kwenye skrini ya maana, si simu. Duka limemulikwa weupe wa kuumiza macho, nyumba ya kina Yorkin ina rangi za joto, na kwake Sy ni kama mtu amesahau kupaka rangi kabisa. Jeff Cronenweth, aliyeishika kamera, amefanya nusu ya kazi ya kuogofya bila kumficha mtu nyuma ya mlango. Kwenye skrini ndogo yenye mwanga hafifu hayo yote yanapotea.

Kasoro? Will ameandikwa kijuujuu, mume msaliti na basi. Kuna ndoto moja ya damu ambayo ni ya filamu nyingine, sijui iliingiaje humu. Na mwishoni Sy anapewa maneno ya kudokeza yaliyompata utotoni, kana kwamba mwandishi aliogopa tungeondoka bila sababu ya kumwonea huruma. Huruma tulikuwa nayo tangu ile picha ya mama. Sikuhitaji kuongezewa.

Naipa nane kwa kumi. Kama unapenda filamu za kukurupuka kwenye kiti, hii itakuchosha. Nusu ya kwanza inatembea polepole na hakuna anayekufa. Na tafadhali usiwawekee watoto kwa sababu tu wameliona jina la Williams. Dada yangu alifika kwenye ule ukuta akazima, akanipigia kuniuliza nina akili gani kumtumia kitu kama hicho usiku. Bado namsihi arudi aimalizie.