Sanduku la Malalamiko Lililo Mlangoni kwa Mlinzi: Tathmini ya Huduma Moja Mkoani Kigoma

Kwa miezi saba nimefanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili na Kirundi katika kambi moja ya wakimbizi mkoani Kigoma, na katika muda huo nimeipitia mara mbili huduma ambayo shirika lililoniajiri linaiita, kwa kirefu, Mfumo wa Kuzuia na Kushughulikia Unyonyaji na Udhalilishaji wa Kingono. Mara ya kwanza nilikuwa mshiriki wa mafunzo ya siku mbili ambayo kila anayesaini mkataba hulazimika kuyahudhuria, awe daktari, dereva, mpishi au kibarua wa kushusha magunia. Mara ya pili nilimsindikiza msichana aliyekuwa na malalamiko. Mimi ni Muha wa Kasulu, na Kirundi sikukisomea popote, maana Muha na Mrundi wakikaa kwenye benchi moja huelewana bila mtu wa katikati. Kwa sababu hiyo nilisikia mengi ambayo wenye huduma hawakuyasikia. Shirika lenyewe silitaji.

Nianze na mafunzo, ambayo yalikuwa bora kuliko nilivyotazamia. Mwezeshaji, mama wa makamo aliyezungumza polepole bila karatasi mkononi, alianza na taarifa za mwaka 2002 kutoka Guinea, Liberia na Sierra Leone, ambako wasichana wakimbizi walieleza jinsi walivyodaiwa miili yao ili wapewe chakula na mahema na watu waliotumwa kuwagawia bure, kisha akaufikia waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Oktoba 2003, ambao ndio msingi wa kanuni tulizosainishwa. Waraka huo unakataza kutoa fedha, ajira, bidhaa au huduma kwa kubadilishana na ngono, na unamkataza mtumishi kufanya ngono na yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi aliyopo inaruhusu umri mdogo zaidi. Kudai kwamba ulidhani ni mtu mzima si utetezi.

Hapo dereva mmoja akauliza swali ambalo nadhani nusu ya ukumbi walikuwa nalo: je, kama mwanamke ni mtu mzima na amekubali mwenyewe? Mama yule hakumkaripia. Alimwomba asimame, akampa daftari, akamwambia ajifanye ndiye mwenye orodha ya mgao wa mwezi, halafu akamuuliza, "Sasa, baba, mimi nina watoto wanne na jina langu liko humo ndani ya daftari lako. Nikikukubalia, utajuaje kwamba nimekukubali wewe na si daftari?" Dereva alilitazama lile daftari, akakaa. Sijasikia maelezo mengine ya kanuni hiyo yaliyoingia vichwani upesi kiasi kile, na mwaka 2023, mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini ulipopunguzwa hadi nusu, uzito wa daftari la namna hiyo haukuhitaji kuelezwa tena kwa mtu yeyote wa huku.

Siku ya pili ilikuwa dhaifu zaidi. Tulioneshwa picha nyingi na mishale mingi ya nani anamripoti nani, lakini hatukuambiwa lolote kuhusu saa za kwanza za aliyeingiliwa kwa nguvu: kwamba dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI inapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kwamba dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo ina ukomo wake, siku 5. Haikutajwa hata kidogo kwamba, mbali na kanuni za mashirika, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamhesabu kuwa mhalifu mtu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe kazi au haki, na kwamba TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa namba 113. Mtu anaondoka akiamini kwamba kosa hili linaishia kwa afisa rasilimali watu, kana kwamba ni suala la kuchelewa kazini.

Mabango nayo yana shida ya lugha. Yameandikwa kwa Kiswahili sanifu kisicho na dosari, "Ripoti unyonyaji na udhalilishaji wa kingono", na sijawahi kumsikia mwanamke hata mmoja kambini akitamka maneno hayo. Wanasema, "Amenitaka ndipo aniandike jina." Wengine husema mtu fulani "ananisumbua", na msikilizaji anapaswa kujua usumbufu huo ni upi. Nilipendekeza bango liandikwe, "Ukitakwa ili upewe kazi au mgao, tuambie." Nilijibiwa kwamba maneno hayo si rasmi.

Sasa nije kwenye njia za kulalamika, ambazo ni tatu. Ya kwanza ni sanduku la chuma la rangi ya samawati, lililopigiliwa misumari kwenye nguzo ya lango la ofisi, mkono mmoja tu kutoka kwenye kiti cha mlinzi. Anayetaka kutumbukiza karatasi lazima amsalimie mlinzi kwanza, na walinzi ni miongoni mwa watu wanaoweza kulalamikiwa. Sanduku lilipofunguliwa mbele yangu, kwa kuwa nilihitajika kutafsiri, lilikuwa na karatasi tatu: mbili za sabuni, na moja ya bomba lililopasuka. Kikaoni hilo lilichukuliwa kuwa dalili kwamba mambo ni shwari. Ya pili ni namba ya simu ya bure, ambayo ni nzuri kwa mwenye simu. Katika nyumba nyingi nilizoingia simu ni moja na hukaa mfukoni mwa baba.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Ni dawati linalohudumiwa na dada mmoja ndani ya kituo cha wanawake, mahali ambapo watu huja kushona, kusuka vikapu na kupumzika, hivyo anayeingia hajulikani ameingia kwa lipi. Msichana niliyemsindikiza, mwenye umri wa miaka 19, na ambaye ameridhia niandike haya machache, alikuwa ameambiwa na msimamizi wa vibarua kwamba jina lake litapanda kwenye orodha wakishapata muda wa "kuongea vizuri". Dada yule alifunga mlango, akamuuliza kwanza kama angependa mimi nitoke, kisha akamweleza nani ataisoma taarifa yake na nani hataiona. Hakuandika neno kabla ya kupewa ruhusa. Mwishoni alimpa kikaratasi chenye namba ya kumbukumbu kisicho na jina, kidogo kiasi cha kukunjwa ndani ya pindo la kitenge.

Dawati hilo kwangu ni nyota tano. Kilichofuata hakifiki mbili. Tuliahidiwa jibu ndani ya siku 14, tukalipata siku ya 41, nalo lilikuwa sentensi moja: hatua stahiki zimechukuliwa. Kwa njia za pembeni tukafahamu kwamba msimamizi alihamishiwa kambi nyingine, akiwa na kazi ileile na orodha nyingine. Mtu wa aina hii akipewa uhamisho amepewa uwanja mpya. Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa waliliona hilo kwa ukubwa wake: tume huru iliyochunguza mwenendo wa watoa huduma wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo, katika ripoti yake ya Septemba 2021, ilitaja watuhumiwa 83, wakiwemo 21 walioajiriwa na Shirika la Afya Duniani, na malalamiko mengi yalihusu ajira iliyoahidiwa kwa masharti ya ngono. Tangu 2019 upo mpango unaoyawezesha mashirika kuulizana rekodi za mwenendo wa waombaji kazi kabla ya kuwaajiri, lakini mpango huo hauna la kuuliza pale ambapo mtu hakuandikiwa rekodi yoyote.

Kwa jumla nalipatia shirika hili nyota tatu, na nitakuwa tayari kuibadilisha tathmini hii. Wiki mbili zilizopita sanduku la samawati liling'olewa langoni na kupelekwa kwenye korido ya kliniki, karibu na mizani ya kupimia watoto, na sasa lina kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti. Matundu ya misumari bado yako kwenye nguzo ya lango. Msichana hajapata kibarua. Yuko kituo cha wanawake, anajifunza kushona, na kikaratasi chake anacho.