"Mheshimiwa" kwenye kadi ya mwaliko: mapitio ya violezo vya steshenari

Steshenari nyingi za Tanzania zina violezo vya kadi za mwaliko, ratiba na barua za kumwomba mgeni rasmi. Unatoa majina, mchapaji anayapachika, na kazi inatoka siku hiyohiyo. Kwa karatasi, wino na mpangilio, huduma hii inaridhisha. Inayumba kwenye neno ambalo mgeni analiona kabla hata ya jina lake: Mheshimiwa.

Tuanze na tahajia. Violezo kadhaa vina "Muheshimiwa", kwa kufuata muhimu na muhtasari. Hayo mawili yalikuja mazima kutoka Kiarabu, mu- ikiwa sehemu ya neno. Mheshimiwa limeundwa huku kwetu: heshima ina asili ya Kiarabu, lakini kutoka kitenzi heshimu tumepata heshimiwa, kama sifu na sifiwa, jibu na jibiwa, kisha likavishwa m- ya mtu kama ilivyo kwa mhusika. Wingi ni waheshimiwa. Maana yake basi ni mtu anayeheshimiwa na wengine, na ndiyo maana halipendezi mtu akijiita mwenyewe. Kiolezo cha barua kinachotanguliza "Mhe." kwenye jina la anayetia sahihi kirekebishwe, jina na cheo vinatosha.

Udhaifu mkubwa zaidi ni ule mstari wa "Prof./Dkt./Mhe./Bw./Bi." ukifuatiwa na nukta za kujazia jina. Umewekwa ili kadi moja imfae kila mtu, na matokeo yake mwaliko wa mkuu wa wilaya unafika ukiwa na vyeo vitano, hakuna kilichokatwa. Kwa wageni wa meza kuu, omba mstari huo uondolewe na kila jina lichapwe peke yake. Mheshimiwa hutangulia, cheo cha taaluma kikafuata: Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mbunge huongezewa (Mb.) baada ya jina. "Mh." na "Mhe." yote yanatumika, chagua moja ulishike hadi mwisho wa ratiba. Wakiwa wengi, andika Waheshimiwa Madiwani kwa ukamilifu, maana "Mhe. Madiwani" inagongana na upatanisho wa kisarufi: cheo cha umoja, jina la wingi.

Kuna watu ambao neno hili si lao, na hapa violezo vinashindwa kabisa. Meya ni Mstahiki Meya, kutoka stahiki, "Mhe. Mstahiki Meya" ni kumvisha kofia mbili. Askofu Mkatoliki ni Mhashamu, neno la ukoo mmoja na heshima. Kardinali ni Mwadhama, kutoka adhama, yaani ukuu. Ukimwandikia kardinali Mhashamu umemshusha daraja, na wasaidizi wake wataliona kosa hilo kabla ya kadi kumfikia. Mtukufu lina uzito mwingine: ndilo tunaloliweka kwenye Mwezi Mtukufu wa Ramadhani, na Kenya ya enzi za Moi ililitumia kwa Rais. Usiliweke kwa mkuu wa idara ili kumfurahisha.

Tena kuna Ndugu. Enzi za chama kimoja ndilo lilikuwa neno la kuitana, viongozi kwa wananchi, na hadi leo linasikika kwenye shughuli za CCM na kwa watendaji kama mkurugenzi wa halmashauri. Ndugu ni neno la usawa na lina heshima yake, halihitaji kupandishwa. "Mheshimiwa Ndugu" kwa pamoja halisimami.

Kwa nini makosa haya yanapita? Kompyuta nyingi zimewekwa kusahihisha Kiingereza, hivyo kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu, sahihi na lisilo sahihi. Mchapaji amezoea kutoutazama. Peleka orodha ya majina na vyeo ikiwa imechapwa, usiyataje kwa mdomo. Dai nakala moja ya kukagua kabla ya zote kuchapwa, ukague na bahasha, kwa kuwa mara nyingi ni faili tofauti na kosa lililofutwa kwenye kadi hubaki huko. Kwenye ratiba ya mshereheshaji usifupishe kitu: andika Mheshimiwa, Mhashamu, Mwadhama kwa herufi zote, maana ataisoma kwa sauti mbele ya watu, na "Mh." haimwambii ni lipi kati ya Mheshimiwa na Mhashamu.