Uliza mkanda kabla ya nguvu za farasi: uzoefu wangu na ATV na bagi za matoleo mapya

Kila matoleo mapya yakitoka, kinachotangulizwa ni kile kile: nguvu za farasi. Fungua matangazo ya siku hizi utakutana na 225, 240, hata 250, kwa herufi nene. Nimepata nafasi ya kuendesha kadhaa kati ya mashine hizi, za kazi na za mbio, kwenye mawe, tope na mchanga, mara nyingine peke yangu na mara nyingine nikiwa na mzigo nyuma. Kila niliposhuka, swali nililobaki nalo ni moja: hizo nguvu zinafikaje kwenye matairi?

Kwa mgeni wa mambo haya, ATV ni ile ya matairi manne unayoipanda kwa kutanua miguu, ukishika handeli na kubana mafuta kwa kidole gumba. Bagi ni ile yenye viti ubavu kwa ubavu, usukani wa duara, pedali, mikanda ya usalama na fremu ya vyuma juu ya kichwa. Zinauzwa pamoja, lakini haziendeshwi sawa hata kidogo. Kwenye ATV mwili wako ni sehemu ya mashine: ukipanda mlima unainama mbele, ukikata kona unaegemea ndani. Kwenye bagi umefungwa kitini, na kazi yote ya kukuweka wima wanaifanya wahandisi.

Sasa nije kwenye mkanda, si ule wa kiti bali ule unaopeleka nguvu za injini kwenye matairi. Nyingi ya mashine hizi hazina gia za kupandisha na kushusha. Zina puli mbili, kila moja ikiwa na pande mbili zinazobana na kuachana, na mkanda mnene wa mpira kati yake. Injini ikiwa na resi ndogo, yaani inazunguka polepole, puli ya mbele (ya upande wa injini) inakuwa imeachama na ya nyuma imebana. Kasi ikiongezeka, ya mbele inajibana na kuusukuma mkanda juu, ya nyuma inaachama na kuuacha uzame. Dereva hagusi chochote. Ni mfumo mwepesi, hauna mishtuko, na fundi wa kawaida anauelewa. Adui wake ni joto. Mkanda ukiteleza unapata moto, ukipata moto unalainika, ukilainika unateleza zaidi, na mwisho wake unaujua.

Ulinikatikia kwenye bagi moja ya matoleo ya nyuma, ya kampuni nisiyoitaja, tukiwa tunapanda kilima na kuni nyuma. Kwanza ilikuja harufu ya mpira, halafu mlio kama mtu amepigwa kibao, halafu injini ikanguruma huku bagi ikianza kurudi nyuma. Kufungua kifuniko si tabu sana, ni bolti tu. Tabu ni nyuzi. Mkanda ukikatika hauanguki mzima. Unachambuka, na nyuzi zake zinajisokota nyuma ya puli mpaka kwenye oili sili ya shafti. Nilizitoa kwa plaizi, uzi mmoja baada ya mwingine, huku vyuma bado vinaunguza vidole, kwa sababu uzi ukibaki ndani unaikata sili na oili inaanza kuvuja juu ya mkanda mpya. Tangu hapo sisomi karatasi ya vipimo kuanzia juu. Naanzia mahali palipoandikwa aina ya giaboksi.

Ndiyo maana matoleo ya miaka hii yamenifurahisha. Kampuni kubwa zimeanza kulijibu tatizo hili, tena kila moja kwa njia yake. Polaris walipoleta bagi ya kazi ya Ranger XD 1500 mwaka 2024 waliachana na mkanda wa mpira na kuweka wa chuma. Injini yake ina silinda 3, ujazo wa karibu sisi (cc) 1,500 na nguvu za farasi 110, na inaruhusiwa kuvuta tela la pauni 3,500, yaani karibu kilo 1,590. Nilipoifunga tela na kuanza kupanda nilitega sikio nikisubiri ule mlio wa injini kupiga kelele kabla mashine haijasogea. Sikuusikia. Iliondoka kwa utulivu, resi ikiwa chini, na tuliongea na aliyekaa pembeni bila kupandisha sauti. Kwa mtu anayebeba na kuvuta kila siku, hapa pana maendeleo ya kweli.

Can-Am wao, kwenye bagi ya mbio ya Maverick R iliyoingia na matoleo ya 2024, waliondoa mkanda kabisa. Waliweka giaboksi ya klachi mbili yenye gia 7, nyuma ya injini ya silinda 3 yenye turbo na nguvu za farasi 240. Klachi moja inashika gia uliyopo, nyingine imeshaiandaa inayofuata, kwa hiyo mabadiliko ni ya kufumba na kufumbua. Kwenye mchanga mzito unalihisi hilo mgongoni: kila gia inaingia na msukumo haukatiki. Kwenye mawe, mwendo wa kinyonga, sikuipenda sana. Pale unapotaka kusogea kwa inchi, mkanda mzuri bado unateleza kwa ulaini ambao klachi hizi hazijaufikia, angalau kwa mguu wangu.

Haki itendeke kwa Honda, maana wao walishaifuata njia ya gia muda mrefu. Bagi yao ya Pioneer 1000 ilikuja na giaboksi ya klachi mbili yenye gia 6 tangu matoleo ya 2016, na kwenye ATV zao za Rancher na Rubicon unaweza kupata ya namna hiyo hiyo, unabadilisha kwa vitufe vya kidole gumba au unaiachia ijibadilishe. Nguvu zake hazitamshtua mtu. Lakini iteremshe kwenye mteremko mrefu uone. Ukiachia mafuta, gia inabaki imeshika na injini inakuwa breki, mashine inashuka kwa mwendo ule ule na wewe unagusa breki kwa kidole tu. Hapa ndipo mikanda mingi ya zamani ilipokuwa ikitutisha: resi ikishuka mno puli inauachia mkanda, na ghafla matairi hayashikwi na kitu.

Yamaha hawakuhama kwenye mkanda, na kwa maoni yangu Grizzly yao, ile ya sisi 686 na silinda moja, inaonyesha kwamba mkanda si mbaya ukitengenezwa vizuri. Wameweka klachi ndani ya oili na kuuacha mkanda umekazwa muda wote, kwa hiyo ukisimama kinachoteleza ni klachi, mkanda haupati tabu. Kuna na beringi ya kushika upande mmoja inayoufanya mzunguko wa matairi urudi mpaka kwenye injini ukiwa unateremka, kwa matairi yote manne. Nilishuka nayo kwenye jiwe lenye utelezi nikiwa nimesimama juu ya vikanyagio, na haikunikimbia. Ikiwa mtu ananiomba ATV moja ya kudumu naye miaka, hii haikosi kwenye orodha yangu fupi.

Za bei ya chini kwenye familia ya Can-Am, ATV za Outlander 500 na 700 zilizoundwa upya kwa matoleo ya 2023, nazo zinastahili kutajwa. Hiyo 700, licha ya jina, ina injini ya silinda moja ya sisi 650 na farasi 50, na imepewa ruhusa ya kuvuta kilo 830. Usukani wake wa pawa ni mwepesi kwenye tope bila kukufanya usijue tairi la mbele limeelekea wapi. Karia zake ni pana na zina mahali pengi pa kufunga kamba, jambo dogo ambalo ukiwa na mzigo unalithamini kuliko farasi kumi za ziada.

Kwa wanaobaki na mkanda, na bado ndio wengi, kuna jambo moja nalisema kila mahali: H (gia ya juu) na L (gia ya chini) kwenye mkono wa gia hazikuwekwa kwa ajili ya mwendo tu. L ni ya mzigo, ya tela, ya mlima mkali, ya mawe na ya kwenda polepole kwa muda mrefu. Watu wanabaki kwenye H kwa sababu mashine inaenda, na kweli inaenda, lakini puli inafanya kazi kwa kuteleza na mkanda unaiva. Mkanda mpya nao uupe nafasi: kilomita zake za mwanzo uendeshwe kwa upole, bila kubana mafuta yote na bila mizigo mizito, mpaka ujikalishe kwenye puli. Na ukivuka maji ya kina, sikiliza. Mkanda uliolowa unateleza mara moja. Simama, weka gia huru, piga resi kidogo mpaka ukauke.

Shokapu za bagi za mbio zimefika mahali ambapo sikutegemea. Maverick R ya upana mkubwa ina mwendo wa shokapu (tairi kupanda na kushuka) wa inchi 25 mbele na 26 nyuma, na kompyuta inazikaza au kuzilegeza ukiwa unaendesha. Unapita kwenye mashimo ambayo macho yako yamekataa, na mgongo haulalamiki. Ila hapo hapo ndipo pana hatari. Mashine inakuficha kasi. Nilijikuta mara kwa mara nikiangalia dashibodi na kukuta namba kubwa kuliko nilivyodhani, na kwenye mchanga wenye vilima huoni kilichoko upande wa pili. Kawasaki nao wameleta Teryx H2 yenye farasi 250 na injini inayosukumiwa hewa kwa supachaja. Sijui ni wangapi kati yetu wana mahali pa kuzitumia farasi zote hizo. Mimi sina.

Nimefurahi kuona mikanda ya viti inachukuliwa kwa uzito. Bagi nyingi sasa hazitapita takriban kilomita 24 kwa saa kama dereva hajafunga mkanda. Wapo wanaotafuta namna ya kuudanganya mfumo huo, wanachomeka kipande cha chuma kwenye kifungio. Tafadhali, acha. Bagi ikipinduka, fremu ya juu inakulinda ukiwa ndani yake. Ukitoka nusu, fremu hiyo hiyo ndiyo itakayokuangukia. Upande wa ATV, ile iliyotengenezwa kwa mtu mmoja ni ya mtu mmoja, kwa sababu abiria wa nyuma anakunyima nafasi ya kuhamisha uzito wako. Na ATV ya mtu mzima haikutengenezwa kwa mtoto wa chini ya miaka 16, hata awe hodari vipi. Historia yake inatosha: ATV za matairi matatu, ambazo Honda waliingia nazo sokoni mwaka 1970, ziliacha kuuzwa Marekani mwaka 1988 baada ya watu wengi mno kuumia.

Skrini sikuzipenda. Ni kubwa, zina ramani na kamera, na juani kwa pembe fulani unaona uso wako mwenyewe. Ukizigusa kwa glavu zenye tope hazikusikii. Kampuni zinazoacha vitufe vya kweli vya winchi na vya kubadilisha kutoka matairi mawili kwenda manne zimefikiria vizuri.

Kuhusu za umeme, Ranger XP Kinetic ya Polaris ilikuwa ya kwanza kunishawishi. Ina farasi 110 na betri za ukubwa wa aina mbili, kilowati-saa 14.9 au 29.8. Haina mkanda wa kuungua, inaanza kuvuta tangu sifuri, na ukitembea karibu na mifugo hawashtuki. Kwa kazi ya kuzunguka na kurudi pale pale penye soketi, ningeichukua leo. Kwa safari ya kwenda mbali usikorudi jioni, hapana, kwa sababu mzigo, tope na mlima vinaila betri haraka kuliko namba ya kwenye karatasi, na jerikeni la umeme halipo.

Mwisho ni vipimo vya mwili, ambavyo watu wanavisahau wakishaipenda rangi. Maverick R pana ina inchi 77, karibu sentimita 196, na haipandi kwenye tela la kawaida la ATV. Marekani njia nyingi za msituni zimewekewa kikomo cha inchi 50, kwa hiyo kampuni zinatengeneza bagi nyembamba za kipimo hicho hicho kwa makusudi. Hizo nyembamba zinapita kati ya miti vizuri sana, lakini kwenye mteremko wa ubavu zinaegemea mapema, na nilizishusha kwa kuelekeza pua chini moja kwa moja badala ya kukata kimshazari. Kabla hujalipa, chukua futi, pima geti, tela na sehemu nyembamba kuliko zote ya njia unayoipita kila wiki, kisha umwambie muuzaji akufungulie kifuniko cha puli mbele yako uone mkono unaingia wapi.