Kichwa cha panorama cha bei poa kwenye majabali ya Malta na Gozo, uzoefu wangu

Nafanya kazi huku Malta na wikiendi zangu nyingi naishia pembeni ya bahari na kamera, kwa hiyo leo niongelee kifaa ambacho nimekitumia sana tu, kile kichwa cha panorama cha kufunga juu ya tripodi (stendi ya miguu mitatu), kinachozungusha kamera ili upige picha kadhaa na kuziunganisha kuwa moja pana. Changu ni cha alumini, nilikiagiza mtandaoni chini ya euro 100, jina la kampuni silitaji maana hivi vya bei hii vinafanana karibu vyote. Watu wananiuliza kama kina maana au ni kupoteza hela wakati simu ina panorama yake. Jibu langu: nunua, ila inategemea unapigia wapi.

Chukua pale bustani ya Upper Barrakka, Valletta, mji mkuu wa Malta. Unasimama ukingoni, bandari ya Grand Harbour yote iko chini yako, ng'ambo unaiona ngome ya Fort St Angelo, meli zinaingia na kutoka, na hapo mbele yako hakuna kitu cha karibu kabisa. Hapo simu inatosha, zungusha taratibu na umemaliza. Mimi pale hata sikibebi, na kama unapenda moshi wa mizinga kwenye picha subiri saa 6 mchana au saa 10 jioni ndo wanapiga.

Sasa vuka na feri kutoka Ċirkewwa uende kisiwa cha Gozo, ushuke mpaka pwani ya Dwejra. Hapo ndo lile tao la mwamba maarufu, Azure Window, ilikuwepo mpaka tarehe 8 Machi 2017 dhoruba ikaiangusha yote baharini. Watu wengine wanasema hakuna tena cha kupiga, aisee mimi nakataa kabisa. Una Fungus Rock, kisiwa kidogo cha mwamba, imesimama peke yake kwenye maji, una mnara wa mwaka 1652 juu ya kilima, na chini ya miguu yako mwamba mzima umetoboka vishimo vishimo vyenye maji ya bahari, ukiinama unaona visukuku vya viumbe wa baharini vimegandia kwenye jiwe. Hiyo ndo panorama ninayoitaka, kuanzia vishimo vya miguuni mpaka upeo wa bahari, na hapo hapo simu inakwama, kingo za mawe zinakatika, kishimo kimoja kinatokea mara mbili, jiwe la karibu linakosa nusu.

Sababu yake ni rahisi. Funga jicho moja, nyoosha kidole mbele ya uso halafu geuza kichwa kushoto na kulia, utaona kidole kinahama ukilinganisha na ukuta wa nyuma. Kamera ikizungukia mahali pasipo sahihi ni hivyo hivyo, jiwe la karibu linahama na kisiwa cha mbali kinabaki, programu ya kuunganisha inachanganyikiwa. Kazi ya hiki kichwa ni kukuruhusu usogeze kamera nyuma juu ya reli yake mpaka mzunguko upite kwenye ile sehemu ya lenzi ambayo vitu havihami tena. Kuipata nilitumia nguzo ya baraza langu na nguzo ya taa ya barabarani, nikazipanga mstari mmoja kwenye kioo cha kamera, nikawa nazungusha na kusogeza, nazungusha na kusogeza, mpaka zikakaa pamoja kushoto na kulia, halafu nikaweka alama ya kalamu ya wino kwenye reli. Ukiwa na lenzi ya zumu jua kwamba kila zumu ina alama yake.

Dingli Cliffs ni habari nyingine. Majabali yanafika kama mita 250 juu ya bahari, kile kisiwa cha Filfla unakiona kule mbele, na upande ule unatazama jua linapozama kwa hiyo jioni pananoga sana. Shida ni kwamba upande mmoja wa panorama una jua na mwingine una giza, ndo maana mwanga wa kamera naufunga kwa mkono usibadilike kati ya picha na picha, rangi nazo nazifunga, nipige RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), kamera iwe wima, na kila picha iingiliane na mwenzake kama theluthi moja. Filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao, itoe kabisa, itakuachia doa jeusi katikati ya anga. Na upepo wa pale si wa mchezo, begi langu nalining'iniza chini ya tripodi.

Kuunganisha picha natumia programu ya kompyuta inaitwa Hugin, ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux. Inataka uvumilivu mwanzoni ila inakupa uhuru ambao simu haikupi. Pointi za kuunganishia, yaani alama za kitu kimoja kinachoonekana kwenye picha mbili, ziweke kwenye mawe, zilizodondokea kwenye maji zifute kwa sababu wimbi halikai sehemu moja kati ya picha na picha, na boti iliyojitokeza mara mbili unaifunika moja kwa maski, yaani unachora eneo ambalo programu isilitumie. Upeo wa bahari ukipinda unachora mstari wa mlalo juu yake, unanyooka.

Mabaya ya kichwa chenyewe sasa. Skrubu ya reli inalegea, kila baada ya mizunguko kadhaa naikaza. Namba za digrii zimeanza kufutika, na chumvi ya bahari inaingia kwenye mzunguko ukaanza kukwaruza, kwa hiyo nikirudi nyumbani nakifuta kwa kitambaa chenye maji baridi halafu nakausha. Kamera nzito yenye lenzi ndefu usiiweke, sahani inayoshika kamera inateleza. Na kwenye vile viboti vya kutembelea mapango ya bahari ya Blue Grotto usihangaike nacho, boti inacheza muda wote, bora upige kutoka juu barabarani asubuhi jua likiwa linaingia mapangoni.

Kama picha zako nyingi ni za mandhari ya mbali, baki na simu. Kama unapiga mawe ya karibu, vidimbwi, mabwawa ya chumvi ya Xwejni kule Gozo na vitu vya hivyo, kinunue, na mimi kwa bei hiyo nakipa nne kati ya tano, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya skrubu.