Runinga ya HD au ya kawaida? Pima kwanza umbali wa kochi

Shemeji yangu aliniita kwake Mbagala nikamtazamie runinga. Alikuwa amenunua inchi 43, HD kamili, yaani ya picha kali zaidi ya ile ya kawaida, na bado nyasi za uwanjani zilionekana kama kapeti lililolowa. "Shem, hawa wameniuzia feki," akasema. Nikaigeuza. King'amuzi chake cha HD kilikuwa kimeunganishwa kwa zile nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, alizozichomoa kwenye TV yake ya chogo. Waya wa njano haupitishi picha ya HD hata uubembeleze vipi. Tukachomeka waya wa HDMI, ule unaopitisha picha ya HD, uliokuwa bado umefungwa kwenye mfuko wake ndani ya boksi la king'amuzi, na muda si mrefu akawa anasoma majina mgongoni mwa jezi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama HD inaonekana tofauti kweli au ni maneno ya wauza TV, namjibu kwamba tofauti ipo, tena kubwa, ila kuna mambo matatu yanayoweza kuimeza: picha inayorushwa, waya, na umbali unaokaa.

Picha ya kawaida ina mistari 576 kutoka juu hadi chini. HD inaanzia mistari 720. HD kamili ina 1080, yaani nukta (vidoa vidogo vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, mara tano ya zile za picha ya kawaida. 4K ni 3840 kwa 2160. Wengi bado wanachanganya HD na digitali. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kilichoondoka ni chenga na vivuli. Chaneli nyingi ziliendelea na mistari yake ile ile.

Sasa umbali, ambao dukani hakuna atakayekuambia. Jicho zima linatenganisha nukta mbili zilizoachana kwa sehemu moja ya sitini ya digrii. Zikikaribiana zaidi ya hapo linaziona moja. Ukipiga hesabu, kwenye inchi 32 mistari 576 inatosha kulishibisha jicho kuanzia mita 2.4 hivi. Kwenye inchi 43 ni mpaka usogee nyuma mita 3.2, na kwenye inchi 55 mita 4. Nani ana sebule ya kukaa mita 4 kutoka kwenye TV? Ndiyo maana kioo kikikua, picha ya kawaida inaumbuka, na ndiyo maana TV ya chogo ya inchi 21 haikuwahi kutukera.

Hesabu hiyo inachukulia picha safi. Zetu mara nyingi si safi: chaneli nyingi hubanwa kwenye masafa mamoja, na mpira ukipigwa kwa kasi nyasi zinageuka viboksi. Hapo HD huonekana bora hata ukiwa mbali kuliko hesabu inavyosema.

Nikipanga kwa thamani ya pesa, nafasi ya kwanza naipa kutonunua TV kabisa. Kama tayari una TV bapa yenye tundu la HDMI, nunua waya, ambao bei yake haifiki kilo mbili za nyama, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uone kinatoa mistari mingapi. Nimeshakuta king'amuzi cha HD kimewekwa 576 tangu siku kilipofungwa. Kama king'amuzi chenyewe si cha HD, badilisha hicho kabla ya kugusa TV.

Ya pili ni inchi 43 yenye HD kamili. Kwa anayekaa mita 2 hadi 3, hii ndiyo saizi ambayo tofauti utaiona bila kuambiwa: uso wa mchezaji, matokeo yaliyoandikwa kwa herufi ndogo pembeni, mpira wenyewe ukiwa upande wa pili wa uwanja. Hapa 4K usiilipie zaidi, maana kwenye inchi 43 inaanza kuizidi HD kamili ukisogea chini ya mita 1.7.

Ya tatu, inchi 32. Nyingi ni 1366 kwa 768, na kwa chumba kimoja hiyo inatosha sana. Ukiilalia kitandani mita 1.5 kutoka kwenye kioo, HD utaiona. Ukiiweka sebuleni na kukaa mita 3, faida yake ni ndogo mno.

Ya nne ni inchi 55 ya 4K. TV nzuri, sikatai, lakini utailisha nini? Netflix kwa 4K inaweza kula GB 7 kwa saa, kwa HD GB 3. Mwenye intaneti ya mwezi isiyo na kikomo aichukue. Mwenye bando la simu na king'amuzi cha kawaida atakuwa amenunua kioo kikubwa cha kuonyesha ubovu. Na kanda za taarabu za VHS hazitanufaika popote. Picha zake zilirekodiwa zikiwa na ukali mdogo hata kuliko picha ya kawaida.

Ya mwisho kabisa ni zile zilizoandikwa "4K" kwa herufi kubwa kwenye boksi, kumbe zinapokea tu picha ya 4K na kuishusha iingie kwenye kioo cha HD. Tafuta namba za nukta kwenye maelezo ya kioo. Zisipoandikwa, ondoka.

Dukani usidanganywe na video ya maua na samaki inayochezwa kutoka kwenye flashi. Omba wachomeke king'amuzi, taarifa ya habari au mpira, kisha rudi nyuma hatua zile zile za sebuleni kwako.

Ukishaifikisha nyumbani, zima ile hali ya picha ya dukani inayofanya rangi zikuchome macho. Na ukiona msoma habari amenenepa ghafla, TV imeivuta picha ya 4 kwa 3, lile umbo la TV za zamani, ijaze kioo. Irudishe kwa rimoti, ukubali mistari miwili myeusi pembeni.