Makumbusho ya Uganda na watoto: anzeni na nyumba za nyuma

Wengi wakifika Makumbusho ya Uganda, pale Kira Road, Kampala, huingia moja kwa moja kwenye jengo kubwa. Watazunguka makabati ya vioo hadi watoto wachoke, kisha warudi nyumbani. Mimi nawashauri mwanzie nyuma. Huko kuna kijiji cha utamaduni: nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Uganda zimejengwa uwanjani, na mtoto anainama mlangoni, anaingia, anaona watu walivyoishi.

Sisi tulikwenda na mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mbarara, na nashukuru sana kwamba tulimchukua. Kwenye nyumba ya kwao, ya Kinyankole, alisimama mbele ya ebyanzi, vile vyombo vya maziwa vya mti, hakutaka kuondoka. Akaanza kuwaeleza wajukuu, mume wangu akitafsiri, maana watoto Kiswahili changu cha Mombasa ndicho kimewakolea zaidi.

"Chombo hiki hakitoshi kuoshwa na maji," alisema. "Unachoma majani makavu kwenye chungu kidogo, moshi ukipanda unakifunika chombo juu yake mpaka ndani pafukike vizuri."

"Kaaka, ndiyo maana maziwa ya kwenu yananukia moshi?" mdogo akauliza, akimwita bibi yake kwa Kinyankole.

"Ndiyo hiyo. Ya namna nyingine mgeni wangu simpi."

Mtoto huyo miaka yote alikuwa akiyakataa maziwa ya kwa bibi yake kwa sababu ya harufu hiyo. Safari hii alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza na majani yanachumwa wapi.

Binti yangu mkubwa yeye alivutiwa na nguo ya gome, lubugo. Gome huchunwa kwenye mti wa mutuba, likagongwagongwa kwa nyundo za mti zenye mistari hadi lipanuke na kulainika. Alichotaka kujua ni kwa nini mti haufi. Jibu ni kwamba shina lililochunwa hufungwa majani ya mgomba, na gome jipya huota, kwa hiyo mti mmoja huvunwa tena na tena. Kazi hii ya watu wa Buganda imo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008.

Ndani nako msipakose, hasa upande wa ala za muziki: ngoma za kila ukubwa, adungu ya nyuzi nyingi, endingidi ya uzi mmoja, na amadinda, marimba ya mbao ambayo watu watatu huipiga pamoja, mapigo ya mmoja yakiingia kwenye nafasi anayoachiwa na mwenzake. Jengo lenyewe ni la 1954, kazi ya Mjerumani Ernst May, ingawa makumbusho yalianza 1908 kule Old Kampala.

Nendeni asubuhi, kabla jua halijakaza, na msichague miezi ya mvua kama Aprili, kwa sababu nusu ya raha iko nje. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa kutoka nje, kwa hiyo bebeni vitambulisho. Na kama nyumbani kuna mzee, mpeni kiti cha mbele kwenye gari na msimharakishe akifika kwenye nyumba ya kwao.